Ufunguo wa Pili wa Mashine Namba Nne

Injinia alikuja nyumbani kwetu siku ya tisa baada ya ajali, mfuko wa machungwa mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Machungwa aliyaweka mezani. Bahasha hakuiachia. Nikamkaribisha kiti, nikamuuliza habari za kazini, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake. Vidole kumi, vyote vizima, kucha zimekatwa vizuri.

Dada yangu alikuwa amekaa karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko na kuegeshwa juu ya mto. Ndani ya bandeji ile kulikuwa na vidole vitatu.

"Machungwa," Dada akasema. "Nitayamenya na nini?"

Injinia akacheka kidogo, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya ajali, kurasa tatu, muhuri wa chuo kila ukurasa. Dada aliniomba nimsomee. Nilisoma kwa sauti ya darasani, ile ninayoitumia ninapotaka hasira isinitoke mdomoni. Kwenye ukurasa wa tatu nikafika hapa: *Fundi wa karakana aliingia kwenye kizimba bila kuhakikisha kwamba ufunguo umetolewa kwenye mashine namba nne. Ajali imetokana na uzembe wake mwenyewe.* Chini yake kulikuwa na mstari mtupu unaosubiri sahihi ya majeruhi.

"Rudia hapo," Dada akasema.

Nikarudia. 

Baba yetu alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Kila alipoacha mashine kwenda kula, aling'oa fyuzi kwenye sanduku la umeme, akaitia mfuko wa shati, akaja nayo nyumbani. Aliiweka mezani, kando ya sahani. "Msumeno umelala," alisema, ndipo akanawa. Msimamizi wake alikuwa akifoka kwamba kiwanda kizima kinamsubiri mtu mmoja amalize kutafuna. Baba alimaliza kutafuna. Dada, aliyekuwa na miaka saba, ndiye aliyepewa kazi ya kuilinda ile fyuzi, na aliifunika kwa kiganja kama kifaranga. Katika kiwanda kile watu walisalimiana kwa vidole vilivyobaki. Baba tulimzika na vyake kumi.

Dada alisomea umeme na kuchomelea, akazunguka miaka kadhaa akitengeneza pampu na lifti, kisha akaajiriwa chuoni kuwa fundi wa karakana. Yuko pale mwaka wa kumi na nane. Miaka mitano iliyopita wanafunzi wakaanza mchezo wa roboti za mapigano: vijimashine vya ukubwa wa sanduku la safari, vinaendeshwa kwa rimoti, viwili vinaingia uwanjani na kimoja kinatoka kimekufa. Mbele kila kimoja kina silaha yake. Iliyopendwa zaidi ni kipande cha chuma kinachozunguka kwa kasi mpaka jicho halikioni tena. Vijana wanakiita upanga.

Chuo kiliona ni michezo ya watoto wakubwa. Dada naye alikuwa anatabasamu, mpaka siku upanga wa mashine moja ulipochomoka mtu akiujaribu juu ya meza, ukapita katikati ya wanafunzi wawili wanaobishana na kujichomeka kwenye mlango wa kabati. Wale wawili walilitazama kabati kwanza, halafu wakacheka. Dada hakucheka. Kabati lile bado lipo, na tundu lake.

Kesho yake akaanza kujenga kizimba. Alikijenga kwa miezi minne, kwa mabaki ya vyuma na plastiki ngumu inayopitisha macho, tabaka mbili, kila moja nene kama kidole gumba, na paa juu, maana chuma kikiruka hakichagui njia. Kilipokwisha akaweka na sheria zake, ambazo hazikuandikwa popote ila kila mtu alizijua. Hakuna silaha inayozungushwa nje ya kizimba, hata kidogo, hata "nione tu, Mama." Mashine ikiwa mezani inakaa juu ya gogo, magurudumu hewani, na pini nene imepita kwenye upanga. Rimoti inawashwa kwanza, mashine baadaye. Na kabla ya pambano lolote alisema, "Zima rimoti tuone." Mashine ambayo haikufa papo hapo rimoti yake ilipozimwa ilirudi kwao, hata kama mwenyewe alikuwa analia.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa ufunguo. Vijana waliuita hivyo, ingawa hauzungushwi: ni kiplagi kidogo kinachochomekwa kwenye tumbo la mashine kuunganisha betri na mota. Ukiuchomoa, ile ni bati tu. Dada alipigilia ubao karibu na mlango wa kizimba, misumari saba kwa mashine saba, na kila ufunguo akaufunga uzi mwekundu kwa mkono wake, kwa fundo lake. Ufunguo ukiwa kwenye msumari, mashine imelala na mlango unaweza kufunguliwa. Msumari ukiwa mtupu, hakuna mtu anayegusa mlango. Ubao ulikuwa na kioo chenye kufuli, na akienda kula alikifunga, akaondoka na kifunguo cha kufuli hilo kwenye mfuko wa shati. Nadhani hakujua hata yeye kwamba anaupigapiga mfuko ule wakati anakula.

Neno lake lilikuwa moja, *ngoja*, na ndilo lililompa jina. Mama Ngoja.

"Mama Ngoja, hata chai yako inaomba ruhusa ndiyo inyweke?"

"Chai haijamkata mtu. Ngoja."

"Mama, tutazeeka humu!"

"Ndiyo ninachotaka. Mzeeke."

Kwa miaka mitano hakuna aliyekwaruzwa ukucha.

Injinia, mkuu wa idara, hakupenda kungoja. Simwiti mtu mbaya; mtu mbaya ungemwona anakuja. Ni mtu wa tabasamu na saa ya mkononi, anayependa wageni, na wageni wanampenda. Wageni hawa huja saa ya chakula, kwa kuwa ndipo yeye anapokuwa huru. Saa ya chakula ubao umefungwa. Mara tatu alisimama na watu wenye suti mbele ya kizimba kimya, akieleza kwa mikono mambo ambayo mashine zingeyaeleza zenyewe. Mara ya nne hakusimama tena. Alikuwa ameagiza kwa fundi wa kukereza vyuma, karakana ya pili, seti nzima ya funguo nyingine. Hakumwambia Dada. Wanafunzi aliwagawia, akawaambia ni za dharura, na wasimsumbue mama wa watu.

Jumatano ya ajali alileta wageni. Mashine namba nne iliendeshwa na binti wa mwaka wa tatu tunayemwita Tochi, kwa sababu haivui taa yake ya kichwani hata mchana. Alicheza vizuri, wageni wakapiga makofi. Kisha Injinia akataka picha na mashine, akabandika nembo ya chuo mgongoni mwake, stika kubwa inayong'aa, ikakifunika kitaa chekundu kinachoonyesha kwamba umeme upo. Tochi akainama autoe ufunguo. "Nenda ukale," Injinia akamwambia, "nitautoa mwenyewe." Akapiga picha, akatoka na wageni wake. Hakuutoa.

Dada akarudi saa nane. Akafungua kioo. Ufunguo wa namba nne ulikuwa kwenye msumari wake na uzi wake mwekundu. Kwa hiyo mashine imelala. Akaingia kwenye kizimba kukagua parafujo za upanga, na Tochi, aliyerudi akauona ufunguo wa uzi msumarini na kukumbuka kwamba Injinia ameahidi kuutoa ule mwingine, akaamini kama alivyoamini Dada. Dada akamwambia awashe rimoti, kama siku zote: rimoti kwanza. Swichi ya upanga ilikuwa imeachwa juu tangu makofi ya wageni.

Sitaeleza sauti. Tochi ameshindwa kuieleza, na yeye alikuwepo.

Dada akiwa chini, mkono umeviringwa kwenye koti la mtu, alimwona Injinia anaingia mbio, anaipindua mashine, anachomoa kitu. Kitu hakikuwa na uzi. Kikaenda mfukoni mwa suruali. Baadaye Injinia alieleza kwamba ndio huo huo ufunguo mmoja, ameutoa kwenye mashine na kuurudisha msumarini mwenyewe, kwa usalama.

Ndiyo sababu nilichemka pale sebuleni.

"Dada yangu," Injinia alisema, akimgeukia na sauti ya kubembeleza mgonjwa, "hakuna anayekulaumu."

"Imeandikwa uzembe."

"Hilo ni neno la kiofisi tu."

"Basi liandike kwenye jina lako. Si la kiofisi tu?"

Injinia akaeleza kwamba mashindano ya vyuo ni wiki ijayo, tena safari hii kwetu, na mkaguzi wa mashindano haruhusu kizimba kitumike kabla hajaona ripoti ya ajali iliyosainiwa na majeruhi. Vijana wamejiandaa mwaka mzima. Kuhusu kazi Dada asijali, ameshamtafutia nafasi stoo, kazi nyepesi, ya kukaa.

"Injinia," Dada akasema, "namba nne ina funguo ngapi?"

"Mmoja. Kama ulivyotaka mwenyewe."

"Ulioingia mfukoni mwako?"

"Ulikuwa na maumivu makali. Mtu akiwa na maumivu makali anaona mambo mengi."

Injinia alipoinuka kuondoka, ripoti haijasainiwa, nilisimama. Nikachukua mfuko wa machungwa, nikamfuata mpaka mlangoni, nikamtundikia kwenye mkono wake wenye saa. "Umesahau mzigo wako, bwana mkubwa," nikamwambia. Ni adabu ndogo sana niliyokuwa nimebaki nayo, na niliimaliza yote pale.

Siku mbili baadaye ikapigwa simu. Nilimshikia Dada sikioni. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, anampa pole. Pole ndefu, ya kweli. Mwishoni akauliza, "Na zile saba ulizoagiza kwangu zilikaa sawa, Mama?"

Dada akanitazama. "Saba zipi, fundi?"

"Zile funguo. Injinia si alisema ni wewe..."

Tukasikia anavyoelewa, pole pole, huko aliko.

"Utaliandika hilo, fundi?" Dada akamuuliza.

"Mama, mimi nina watoto."

"Haya. Nashukuru kwa pole."

Nilizunguka chumba kama kuku aliyekatwa kichwa. Saba! Si mmoja wa kusahaulika. Kila mashine ilikuwa na ulimi wa pili, na ubao wa Dada ulikuwa pambo. Nilitaka kwenda kwa yule fundi, nilitaka kwenda kwa Tochi, ambaye alikuja kutuona mara mbili, akakaa ukingoni mwa kiti na taa yake kichwani, akalia, akaondoka bila kusema neno la maana.

"Muache mtoto wa watu," Dada akasema. "Injinia ndiye anayesahihisha mradi wake wa mwisho."

"Na wewe je?"

"Mimi nishakatwa. Wao bado." "Mdogo wangu, wanadhani nagombania jina langu. Jina waliweke stoo wakipenda. Lakini ripoti ikisema ufunguo ulikuwa mmoja, basi zile saba hazipo. Zitabaki mifukoni mwa vijana. Na ubao utaendelea kusema mashine imelala."

Jumamosi ya mashindano nilimvisha koti lake la kazi, la buluu, nikaacha vifungo vya mkono wa kulia wazi ili bandeji ipite. Nywele nilimchana mimi. Tulifika saa tatu asubuhi. Karakana ilikuwa imejaa vijana wa vyuo vingine na masanduku yao, wanacheka, wanatambiana, harufu ya grisi na plastiki iliyopata moto. Mbele ya kizimba alisimama mkaguzi, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, anasoma ile ripoti. Kando yake Injinia.

"Fundi bado yuko kitandani," Injinia alikuwa anasema. "Nimesaini kwa niaba yake, yeye atathibitisha akipata nafuu."

"Nimepata," Dada akasema.

Vijana wetu walimwona, mmoja mmoja wakanyamaza, kama redio inayozimwa chumba hadi chumba. Alipita katikati yao mpaka kwenye mlango wa kizimba, akasimama pale alipokuwa akisimama kwa miaka mitano, mgongo kwenye mlango. Ubaoni funguo saba zilikuwa zinaning'inia, nyuzi nyekundu, safi kabisa.

"Ngoja," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Kabla mlango huu haujafunguliwa, kila mwenye ufunguo wa pili anipe. Siulizi jina. Simwandiki mtu. Nataka ufunguo."

"Bi Fundi," Injinia akaingilia, akitabasamu kwa mkaguzi, "tusiwaharibie vijana siku yao."

Dada alinyoosha mkono, na haukuwa wa kushoto. Aliunyoosha ule wa bandeji, kiganja juu, vidole vitatu na pengo, akauacha hewani. Daktari alikuwa amemkataza kuuteremsha kutoka kwenye mto hata dakika kumi. Nikataka kumsogelea nimshikie, akanikataza kwa jicho.

Sijui tulisimama muda gani. Kijana mmoja wa chuo kingine akapiga mluzi. "Huyu mama anatuharibia siku bure!"

"Wewe," msichana mmoja wa kwetu akamgeukia, "hesabu vidole vyako kwanza ndiyo upige mluzi."

Ndipo Tochi akatoka kwenye kundi. Alikuwa ameivua taa ya kichwani, ameikumbatia kifuani, na uso wake bila taa ulionekana mdogo.

"Mimi wa namba nne sina, Mama," akasema. "Sina kwa sababu aliuchukua yeye." Hakumnyooshea kidole, alimtazama tu, na karakana nzima ikamtazama Injinia kwa macho yake. "Aliutoa kwenye mashine akautia mfukoni. Wa uzi ulikuwa ubaoni tangu asubuhi. Niliuona. Na huu mwingine alisema atautoa mwenyewe. Ndiyo maana niliwasha."

Baada ya hapo walikuja wenyewe. Wa namba mbili aliutoa kwenye soksi. Wa namba sita alikuwa ameufunga kwenye mkufu wa simu. Kila mmoja aliuweka juu ya ile bandeji taratibu kama anaweka yai, na baadhi walisema pole, Mama. Funguo sita. Hazikuwa na uzi hata mmoja. Katika mkono ule zilionekana kama vitu vya kuchezea watoto.

Mkaguzi alishusha miwani, akazihesabu kwa macho. Akamgeukia Injinia.

"Na wa saba?"

"Ulikuwa utaratibu wa dharura tu. Katika mazingira ya..."

"Nimeuliza uko wapi."

Injinia akatazama saa yake. Sijui alitarajia kuona nini pale. "Kwenye droo yangu," akasema.

Mkaguzi akaikunja ile ripoti mara mbili. "Kizimba kimefungwa," akatangaza. "Hakuna mashindano hapa leo." Vijana wa vyuo vingine wakaguna na kulalamika, wakaanza kufunga masanduku yao, na wengine walimpita Dada bila kumsalimu. Hakuwalaumu. Aliwahesabu wanavyotoka, midomo yake ikisogea. Nilijua anachohesabu: vidole vyao.

Ripoti mpya iliandikwa saa ile ile, ofisini kwa Injinia, mkaguzi akiwa amesimama nyuma ya kiti. Sasa ilikuwa ukurasa mmoja. *Mashine namba nne ilikuwa na funguo mbili. Ufunguo wa pili uliagizwa na mkuu wa idara bila fundi kujulishwa, na uliachwa ndani ya mashine na mkuu wa idara.* Maneno yasiyofika thelathini. Nilisoma mara mbili nikitafuta neno uzembe, kwa jina lolote. Halikuwepo, na sikufurahi. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nilichofikiria ni kwamba maneno hayo yangeandikwa siku ile ile ya kwanza na mtu yeyote mwenye kalamu, na ilibidi mwanamke atoke kitandani na mkono unaovuja kuja kuyaomba. Bandeji ilikuwa na doa jipya, linakua. Sikumsamehe Injinia pale, na mpaka ninapoandika haya sijaanza.

Dada akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Hajawahi kuandika kwa mkono huo. Akaigeuza, akaitafutia mahali pa kukaa, ikamtoka, ikabingirika mpaka ukingoni mwa meza. Nje wageni wa Injinia walikuwa wameshafika kwa ajili ya mashindano, tunawaona dirishani, wanaangalia huku na huku.

"Ungeweka tu dole gumba, Bi Fundi," Injinia akasema, akimsogezea kibweta cha wino. "Dole gumba ni haraka."

Dada akaiokota kalamu.

"Ngoja," akamwambia.

Akainama, akaanza na herufi ya kwanza.